Saini, aya au shairi: kulinganisha maandishi ya vitara vya Kiajemi kabla ya kuchagua kimoja

Mtu anayetafuta kitara kimoja cha kale cha Kiajemi, awe anataka kukinunua, kukiandikia tasnifu au kukipatia nafasi katika kabati la makumbusho, hufika njia panda mapema kuliko alivyotarajia. Kwa umbo, vitara hivyo, ambavyo Waajemi huviita shamshiri, hufanana sana: bapa jembamba lililopinda kama mwezi mchanga, makali upande wa nje, kipini kinachoinamisha kichwa upande mmoja, na kikingio cha mkono chenye umbo la msalaba. Vingi vinavyozunguka sokoni leo vilifuliwa kati ya enzi ya Wasafavi, ukoo wa wafalme wa Uajemi ulioanza kutawala mwaka 1501, na enzi ya Wakajari, ukoo mwingine wa kifalme uliokoma mwaka 1925. Kinachovitenga mara nyingi ni maneno yaliyoandikwa juu yake kwa njumu ya dhahabu, na maneno hayo kwa sehemu kubwa huangukia makundi matatu: jina la fundi pamoja na la mfalme, aya na dua za Kiarabu, na mashairi ya Kifarsi.

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye hawezi kuyapata yote matatu kwa mara moja. Vipo vitara vilivyobeba saini, aya na shairi kwa pamoja, lakini hivyo ni vichache na bei zake si za mtu anayeanza.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano, na nitavitumia kwa kila kundi. Cha kwanza ni kusomeka, yaani ni kwa kiasi gani mtu aliyepita chuoni na kujifunza herufi za Kiarabu anaweza kuyasoma maneno hayo mwenyewe bila kumtegemea muuzaji. Cha pili ni uzito wa maandishi kama ushahidi wa tarehe na asili. Cha tatu ni ufundi wa hati na wa dhahabu. Cha nne ni urahisi wa kughushiwa, na cha tano ni adabu na matunzo yanayodaiwa na maandishi yenyewe. Bei sikuifanya kigezo, kwa sababu bei hufuata hivyo vingine, na wakati mwingine hufuata uvumi tu.

Kabla ya kuendelea, mambo mawili yanahitaji kuwekwa sawa. La kwanza ni kwamba maneno yaliyo kwenye bapa hayana uhusiano wa lazima na maneno yaliyo kwenye kikingio cha mkono au kwenye vyuma vya ala. Bapa zuri liliishi miaka mingi kuliko kipini chake. Lilivuliwa, likavikwa kipini kipya, likarithiwa, likauzwa hadi Uturuki, India au Bara Arabu. Uarabuni si ajabu hata kidogo kukuta bapa la Kiajemi likiwa na kipini cha Kiarabu cha fedha. Kwa hiyo shairi la karne ya 19 kwenye kikingio haliwezi kuupa umri upanga mzima, na mwaka ulioandikwa kwenye ala ni mwaka wa ala.

La pili ni chuma. Bapa bora la Kiajemi lilifuliwa kwa pua iliyoyeyushwa ndani ya chungu kilichofunikwa, na baada ya kusuguliwa na kupakwa dawa ya tindikali hutoa mawimbi madogo meusi na meupe yanayoonekana kama maji yanayotembea. Waajemi huyaita mawimbi hayo gouhar, na Waarabu jauhar, ambalo ndilo lile lile lililotufikia sisi kama johari. Mwandishi wa maneno ya dhahabu alikuwa anaandika juu ya uso ambao tayari una nakshi yake, na tutaona kwamba washairi walilitambua hilo vizuri kuliko mafundi wa saini.

Jina la fundi na jina la mfalme

Jina linalokutwa kuliko yote ni la Asadullah wa Isfahan. Kwa kawaida limeandikwa karibu na kipini, ndani ya kichoro kidogo chenye umbo la muhuri, kwa maneno machache: amal-e Asadullah-e Isfahani. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Neno amal ni amali yetu, kazi ya mkono. Sauti ndogo ya -e, ambayo mara nyingi haiandikwi kabisa, hufanya kazi ya kiunganishi chetu cha “ya”. Na Isfahani ni mtu wa mji wa Isfahan. Kwa maneno mengine, “kazi ya Asadullah wa Isfahan”. Pembeni au juu yake mara nyingi huwa na kichoro cha pili chenye jina la mfalme, na linalorudiwa sana ni bande-ye shah-e velayat Abbas, “mtumwa wa mfalme wa uwalii, Abbas”. Anayeitwa mfalme wa uwalii ni Ali bin Abi Talib. Abbas, aliyetawala kuanzia mwisho wa miaka ya 1580 hadi 1629, anajiita mtumwa wake. Maneno hayo hayo yamechongwa kwenye zaidi ya vyombo elfu moja vya kauri ya Kichina ambavyo Shah Abbas aliviweka wakfu kwa kaburi la jadi yake, Sheikh Safi, huko Ardabil mwaka 1611, kwa hiyo hakuna shaka kwamba ndivyo alivyojitambulisha.

Kusomeka, basi, ni kwepesi. Maneno ni machache, yanajirudia, na mtu akishayasoma mara mbili atayatambua hata yakiwa yamefutika nusu.

Uzito wa ushahidi ndio mahali penye tatizo, na napenda kukaa hapa kidogo. Hadithi ya Waajemi inasema kwamba sultani wa Kituruki alipeleka kofia ya chuma na zawadi kwa atakayeweza kuipasua kwa upanga. Asadullah akafua upanga ulioipasua, na Shah Abbas, kwa furaha, akawaondolea wafua panga kodi. Hadithi ni nzuri, na inaeleza kwa nini jina hilo lilikuwa na thamani. Lakini jina lenye thamani huwa na watoto wengi wa kupanga. Tuseme umeletewa bapa lenye saini ya Asadullah na mwaka 1116 wa Hijria. Zidisha 1116 kwa 0.97, jumlisha 622, utapata takriban mwaka 1704. Shah Abbas alifariki mwaka 1629. Fundi aliyekuwa mtu mzima chini ya Abbas hawezi kuwa ameketi kwenye fuawe miaka sabini na tano baadaye. Mabapa ya namna hiyo ni mengi kiasi kwamba wapo wataalamu waliofikia kusema kwamba Asadullah, “simba wa Mungu”, huenda lilikuwa lakabu ya sifa iliyopewa mafundi bora, au alama ya karakana, na si mtu mmoja. Yupo pia Kalb Ali, anayejitambulisha kwenye baadhi ya mabapa kuwa mwana wa Asadullah, na saini yake kwa maoni yangu humpa mtafiti kitu cha kushika zaidi kuliko ya baba, kwa kuwa haikuigwa kwa wingi ule ule.

Kwa ufundi, saini haina mengi ya kuonyesha, kwa sababu nafasi ni ndogo. Hata hivyo, ndani ya nafasi hiyo ndogo unaweza kutambua mkono. Chukua kioo cha kukuza na uangalie ukingo wa herufi ya alifu. Katika njumu halisi fundi alichimba mfereji kwenye chuma, akapachika uzi wa dhahabu, akaugonga hadi ukalala sawa na uso wa bapa. Ukingo ni safi, na mahali ambapo uzi umeng'oka utaona mfereji mtupu wenye kina. Katika kazi rahisi fundi alikwaruza uso wa chuma kwa patasi ndogo, kisha akabandika karatasi ya dhahabu juu. Ikichakaa, huacha alama za mikwaruzo iliyokatana kama kitambaa, na hakuna mfereji. Kubandika si kughushi, maana kazi nyingi halali za Kiajemi na Kihindi ni za kubandikwa. Ila saini inayodai kuwa ya Isfahan ya karne ya 17 na imebandikwa juu juu, na dhahabu yake bado inang'aa hadi pembezoni huku bapa lote limechakaa, inastahili maswali.

Hatari ya kughushiwa hapa ni kubwa kuliko kwingine kote. Jina la Asadullah liliandikwa kwenye mabapa ya Kihindi, ya Kituruki na ya Kaukazi, wakati mwingine na watu wasiojua kusoma. Niliwahi kupewa kitara nikiangalie, na mwenye nacho akiwa na hakika kabisa kwamba ni cha zama za Shah Abbas. Nilipokisogeza dirishani nikaona kwamba aliyeandika alikuwa amenakili umbo la jina bila kujua herufi, kiasi kwamba lamu mbili za “Allah” zilikuwa zimeungana na sini ya “Asad” na kuzaa neno lisilosomeka kwa lugha yoyote. Chuma chenyewe kilikuwa kizuri sana. Mwenye nacho alikasirika, na sidhani kama alinisamehe kwa kuwa nilikisifu chuma na nikakataa jina.

Matunzo hayana sharti la pekee. Kwa hiyo kundi hili linamfaa mtu anayependa historia ya ufundi na biashara, anayeweza kuvumilia mashaka, na anayenunua chuma kwanza na jina baadaye. Linamfaa pia mtafiti wa takwimu za majina, ambaye kwake hata saini bandia ni habari, kwa kuwa inaonyesha jina lilisafiri hadi wapi. Halimfai anayetaka hakika.

Aya, dua na majina matukufu

Kundi la pili ndilo litakalomkaribisha msomaji wa pwani haraka zaidi. Aya inayokutwa sana ni ya 13 katika Sura As-Saff: nasrun mina Llahi wa fat'hun qarib, “nusura itokayo kwa Mwenyezi Mungu na ushindi ulio karibu”. Baada yake huja mwanzo wa Sura Al-Fat'h, Ayatul Kursiyyu, na maneno mafupi ya kumtegemea Mungu kama tawakkaltu ala Llah. Kisha kuna yale yanayobeba alama ya madhehebu ya Kishia, ambayo yalikuwa dini ya dola tangu Wasafavi waliposhika enzi: dua ya Nadi Aliyyan, inayomwita Ali kwa msaada, majina ya maimamu kumi na wawili, na kauli mashuhuri la fata illa Ali, la sayfa illa Dhul-Faqar, “hakuna shujaa ila Ali, hakuna upanga ila Dhulfikari”.

Kusomeka ni kwepesi kuliko yote. Hati ni Naskhi au Thuluthi, ambazo zimenyooka na zina nukta mahali pake, na maneno yenyewe msomaji anayajua kwa moyo, kwa hiyo akipata maneno mawili ya mwanzo atalikamilisha lililofutika. Hilo ni faida, na ni mtego pia: tunachokijua kwa moyo tunakisoma hata pale ambapo hakikuandikwa. Nimeona watu wakiisoma Ayatul Kursiyyu nzima kwenye bapa ambalo lilikuwa na robo yake tu, na robo hiyo ikiwa na neno lililorukwa.

Kama ushahidi wa tarehe, aya ni shahidi mnyamavu. Maneno ya Qur'ani hayazeeki wala hayana mji. Aya ya As-Saff imeandikwa kwenye panga, bendera, ngao na milango kuanzia Afrika Kaskazini hadi India. Linaloweza kusema kitu ni uteuzi wake. Upanga wenye Nadi Aliyyan na majina ya maimamu kumi na wawili unaelekeza kwenye mazingira ya Kishia, na hivyo kwenye Uajemi au kwenye zile tawala za Kishia za Dekani huko India, ilhali upanga wenye Ayatul Kursiyyu peke yake hauelekezi popote. Inabidi uulize chuma, umbo la bapa na mkono wa hati.

Kundi hili lina jirani yake ambaye wauzaji humweleza vibaya mara kwa mara. Ni mraba mdogo uliogawanywa vyumba vinne, wenye herufi ba, dali, wau na ha, au tarakimu 2, 4, 6 na 8 badala yake. Wauzaji huuita alama ya kiwanda au tarehe. Si tarehe wala kiwanda. Ni neno buduh, ambalo kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba, herufi zake ni 2, 4, 6 na 8, na lilitumika kama kinga, kwa namna ambayo mtu yeyote aliyeona hirizi au vitabu vya falaki hapa kwetu ataitambua bila kuelezwa. Kitara kimoja kinaweza kuwa na mraba huo upande mmoja na saini upande wa pili, na hapo unaona kwamba mwenyewe alitegemea chuma kizuri lakini hakutaka kukitegemea peke yake.

Ufundi wa hati katika aya bora ni wa hali ya juu, kwa sababu nafasi ni ndefu: mstari unaweza kufuata mgongo wa upanga kuanzia kipini hadi katikati ya bapa, ukipinda pamoja nalo. Angalia jinsi mwandishi alivyogawa nafasi. Fundi aliyepanga kazi yake humaliza aya kwa herufi za ukubwa ule ule alioanzia. Asiyepanga huanza kwa mapana na kumaliza kwa kubanana, na maneno ya mwisho hupanda juu ya mengine. Kughushiwa kupo, ila kwa namna nyingine. Karne ya 19 ilitoa panga nyingi zilizonyooka, zenye makali pande zote mbili na vichwa vya majoka kwenye vipini, zikiwa zimejazwa maandishi na sura za watu kwa kuchomwa na tindikali kuanzia juu hadi ncha. Nyingi zilikuwa za sherehe, za maigizo ya taazia ya mwezi wa Muharram, au za kuuziwa wageni. Hizo si za uongo kwa makusudi yake, lakini hazikufuliwa kwa vita, na mara nyingi maandishi yake ni vipande vinavyojirudia bila maana kamili. Anayeuziwa mojawapo kama upanga wa vita wa Wasafavi ndiye anayedanganywa.

Adabu ndicho kigezo kinachopima zaidi hapa. Mnunuzi Mwislamu atajiuliza kuhusu udhu kabla ya kukigusa, kuhusu mahali pa kukitundika, na kuhusu kukipangusa kwa kitambaa gani. Makumbusho yenye wageni wa kila namna yatahitaji kuamua kama kitalala chini ya kioo kwa usawa wa kiuno au kitawekwa juu. Na yeyote awaye, asikubali mtu alisugue bapa ili kuamsha mawimbi ya johari kabla hajahakikisha maandishi hayataguswa. Dawa inayoliamsha bapa inaweza kula kingo za mifereji ya njumu, na dhahabu ikilegea haichukui muda kung'oka.

Linamfaa nani? Anayetaka kusoma alichonacho bila mkalimani, anayetaka kitu cha ibada au cha kumbukumbu katika familia, na taasisi inayofundisha hati za Kiarabu. Kwa familia za Ithnaashari za Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa, kitara chenye Nadi Aliyyan huenda kikawa na maana ambayo saini yoyote haitaifikia.

Mashairi ya Kifarsi

Nimelichelewesha kundi la tatu kwa kuwa lina mengi zaidi ya kusema, na kwa kuwa ndilo linalopitwa na watu wengi. Muuzaji akishindwa kulisoma shairi, huandika tu “maandishi ya Kifarsi”, na mnunuzi aliyechoka huendelea na saini ya Asadullah.

Kusomeka ni kugumu, na hakuna sababu ya kuficha. Kifarsi kina herufi nne zaidi ya Kiarabu, na shairi kwa desturi huandikwa kwa hati ya Nastaliki, ambayo maneno yake huteremka kwa mshazari kutoka kulia juu kwenda kushoto chini, nukta zikikaa penye nafasi badala ya penye herufi. Ni hati iliyofikia kilele huko Isfahan mikononi mwa Mir Emad, aliyeuawa mwaka 1615. Mtu wa chuoni atatambua maneno ya Kiarabu yaliyomo, na hata machache aliyoyazoea kwa Kiswahili, lakini sentensi itamponyoka. Atahitaji msaada.

Umbo lenyewe, hata hivyo, si geni kwake. Shairi kwenye upanga kwa kawaida ni beti moja au mbili, na beti ya Kifarsi ni mstari uliogawanywa sehemu mbili zenye mizani sawa, kama vile mshororo wetu unavyogawanywa ukwapi na utao. Kwenye chuma kila nusu hupewa kidirisha chake cha dhahabu, na hivyo ukiviona vidirisha viwili virefu vyenye ukubwa mmoja vimefuatana mgongoni mwa upanga, au vinne, unaweza kukisia kwamba ni shairi kabla hujasoma herufi moja.

Na shairi hilo humzungumzia nani? Waajemi walikuwa na mazoea ya kukiandikia chombo maneno yanayokihusu chombo hicho. Vinara vya taa vya shaba vya zama za Wasafavi vimeandikwa beti za nondo anayeuzunguka mshumaa hadi akaungua. Panga nazo zina picha zake. Upinde wa bapa hufananishwa na mwezi mwandamo, au na nyusi ya mpenzi, ambayo huua kama upanga unavyoua. Picha iliyo tamu kuliko zote ni ya maji. Kwa Kifarsi, kuuimarisha upanga kwa kuuzamisha ukiwa moto huitwa kuupa maji, na neno hilo hilo la maji, ab, lina maana ya mng'ao. Upanga wenye ab ni upanga uliokolezwa vizuri, wenye kung'aa, na wenye mawimbi yale ya johari yanayoonekana kama mto usoni pake. Mshairi akisema kwamba maji ya upanga huu yamemnywesha adui, amesema mambo matatu kwa neno moja, na msomaji anayeuinamisha upanga kwenye mwanga huyaona yote matatu pale pale, dhahabu ikiwa imekaa juu ya mawimbi. Nimeshika mabapa ya namna hii mara chache tu, na sijapata maandishi mengine ambayo chuma na neno vinasaidiana hivyo.

Uzito wake kama ushahidi hutofautiana. Beti iliyonukuliwa kutoka kwa mshairi mashuhuri haisemi mengi kuhusu tarehe. Beti iliyotungwa kwa ajili ya upanga huo huo, ikimtaja mwenyewe kwa jina au cheo, ni shahidi bora kuliko saini kumi, maana hakuna aliyekuwa na faida ya kulighushi jina la gavana asiyejulikana. Bora zaidi ni beti yenye tarehe iliyofichwa. Washairi wa Kifarsi walikuwa na desturi ya kufunga mwaka ndani ya maneno kwa hesabu ya abjadi. Mfano unaojulikana ni wa mwaka aliofariki mshairi Hafiz wa Shiraz, ambao umefungwa katika maneno khak-e mosalla, “udongo wa Musalla”, mahali alipozikwa: 600, 1 na 20 kwa neno la kwanza, 40, 90, 30 na 10 kwa la pili, jumla 791 ya Hijria, yaani 1389. Ukikuta shairi ambalo nusu yake ya mwisho inaanza kwa kusema kitu kuhusu “tarehe” au “mwaka”, chukua kalamu ujumlishe herufi zinazofuata.

Kwa ufundi, Nastaliki juu ya chuma ni mtihani. Uzuri wa hati hiyo uko katika unene unaobadilika, mstari unaoanza kama unywele na kuvimba katikati, ilhali uzi wa dhahabu una unene mmoja. Fundi hodari huupanua mfereji na kuujaza nyuzi zaidi. Fundi wa kawaida huandika Nastaliki iliyokonda kama imeugua. Enzi ya Fat'h Ali Shah, aliyetawala kuanzia 1797 hadi 1834 na ambaye mwenyewe alitunga mashairi kwa jina la Khaqan, ilipenda mapambo mengi, na vipini na ala za zama hizo zina mashairi yanayoshindana na vito kwa nafasi.

Hatari ya kughushiwa ni ndogo, kwa sababu moja tu: mghushi naye anataka mnunuzi, na wanunuzi wa mashairi ni wachache. Hatari iliyopo ni tafsiri mbovu. Usilipie tafsiri ya muuzaji; lipia picha nzuri, kisha mtafutie shairi msomaji wako. Matunzo ni ya kawaida, isipokuwa kwamba vidirisha virefu vya mgongoni husuguliwa na mdomo wa ala kila upanga unapochomolewa, kwa hiyo kitara cha shairi kisichomolewe kwa kuonyeshea wageni.

Kundi hili linamfaa mpenzi wa ushairi kuliko mpenzi wa silaha, mtafiti mwenye subira, na mkusanyaji asiye na fedha nyingi lakini ana rafiki asomaye Kifarsi.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Ikiwa unanunua kwa mara ya kwanza na una herufi za Kiarabu tu, anza na aya fupi iliyopachikwa vizuri kwenye bapa lenye johari inayoonekana. Utaweza kukikagua kitu chako mwenyewe, na makosa utakayofanya yatakuwa ya bei, si ya kusomewa uongo.

Ikiwa unanunua ukifikiria kuuza baadaye, saini ndiyo inayotafutwa na wengi, lakini nunua ile ambayo bapa lake lingekuridhisha hata kama saini ingefutwa kesho. Mwombe muuzaji picha ya saini iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, kwa karibu, ili kina cha mfereji kionekane. Akikataa, umeshajibiwa.

Ikiwa unaandika tasnifu, swali lako litaamua. Kuhusu biashara na sifa za mafundi, fuata saini, pamoja na zile bandia. Kuhusu imani na madhehebu ya askari na wafalme, fuata aya na dua, ukihesabu zipi zinaandamana na zipi. Kuhusu wamiliki, zawadi na baraza za wafalme, mashairi yatakupa mengi, na ni shamba ambalo halijalimwa sana.

Ikiwa unasimamia makumbusho yenye kabati moja na wageni wa shule, nadhani shairi na aya huzungumza na mgeni kuliko jina la fundi, mradi uweke tafsiri kwa Kiswahili fasaha kando yake na taa iliyoinamishwa ili dhahabu na mawimbi vionekane kwa pamoja. Taa ya juu moja kwa moja huua vyote viwili.

Na ikiwa kitara hukununua bali umekirithi, hujui kimeandikwa nini, na kuna mtu wa nyumbani amekwisha kuja na msasa na mafuta ya taa ili kukitakatisha, mzuie kwanza. Kilaze kwenye kitambaa karibu na dirisha asubuhi, kipige picha pande zote mbili kuanzia kipini hadi ncha, kidirisha kwa kidirisha, kisha kipake mafuta mepesi ya mashine kwa pamba pasipo na dhahabu tu, ukirudishe katika ala hadi upate wa kukusomea.